Signe Tollefson na Visanduku Vitatu

Sogezeni viti karibu, enyi mlioketi mbali, na ninyi mliosimama mlangoni kwa kuogopa kuombwa mchango, ingieni bila hofu, maana leo haliombwi lolote ila masikio. Zimeni redio. Mwacheni paka alale apendapo. Wengine wamewasimulia habari za majemedari waliovuka milima na tembo, na wafalme waliobomoa ngome kwa mizinga. Lakini hao wote walikuwa na silaha, na mwenye silaha hahitaji ushujaa mwingi. Mimi nawaletea shujaa aliyekuwa na kipanya cha kompyuta tu, tena kile kinachokwama ukikisogeza upande wa kushoto, akasimama mbele ya visanduku vitatu vitupu, jikoni mwa nyumba ya manjano, katika mji wa Nora Lake, jimbo la Minnesota, siku ya Alhamisi ya mwezi wa Oktoba, shule zote zikiwa zimefungwa kwa sababu walimu wamekwenda mkutanoni.

Nawe uwapaye wasimulizi pumzi, nipe pumzi ndefu, maana sentensi zangu ni ndefu na jambo lenyewe ni dogo, nami nisingependa lianguke katikati.

Shujaa huyo ni Signe binti Merle bin Arvid, wa ukoo wa Tollefson, mwenye umri wa miaka kumi na saba: Signe Mvaa-Soksi-Mbili-Mbili, Signe Mtoboa-Ziwa, ambaye tangu utotoni, mara tu ziwa lilipoanza kuganda, alikuwa akitoka na tindo na rula kwenda kupima unene wa barafu, kisha akirudi kuwatangazia majirani kama itabeba mtu, au gari, au itambeba bata peke yake. Hakuna aliyemtuma. Aliipenda barafu tu, kama wengine wanavyopenda mpira.

Na katika nchi ile kuna mtihani. Huo si mtihani wa shule, wala mwalimu wa shule hana kauli juu yake. Ni mtihani wa taifa zima, ambao kilele chake ni alama thelathini na sita na bonde lake halitajwi mbele ya wageni. Vijana huuendea asubuhi ya Jumamosi na penseli zilizochongwa, huku mama zao wakiwaangalia kupitia vioo vya magari kana kwamba wanapanda meli ya vita. Tena mtu haendi mara moja. Huenda, hurudi amejeruhiwa, hufungwa vidonda, huenda tena. Na mwisho wa vita vyote huketi na kuchagua ni vita gani vitajwe na ni vipi visahauliwe, kwa maana sheria inamruhusu mpiganaji kuwapelekea wakuu wa vyuo matokeo ya siku anayoitaka yeye.

Signe alipigana mara tatu. Vita vya kwanza vilikuwa vya Aprili, ndani ya ukumbi wa michezo wa shule, naye akiwa na mafua makali kiasi cha kumwaga kamasi juu ya swali la pembetatu. Akatoka na ishirini na tatu. Vita vya pili vilikuwa vya Juni, siku ya jua na upepo mwanana, akili ikiwa nyepesi na penseli ikikimbia yenyewe. Akatoka na ishirini na tisa, akaisoma ile namba akiwa amejifungia chooni, akaisoma tena, kisha akafungua bomba la maji ili asisikike anacheka. Baada ya hapo akanunua kitabu kinene cha mazoezi, akakisoma majira yote ya joto wenzake wakiogelea, akaingia vita vya tatu mwezi wa Septemba akiwa na silaha kamili, akatoka na ishirini na saba. Hakuna mjuzi aliyeweza kulieleza jambo hilo, na kitabu kile sasa kinazuia mlango wa karakana usijifunge.

Chuo alichokitaka kiliitwa Fjelde, kando ya Ziwa Superior. Alikwenda kukitembelea mwezi wa Machi, akaingizwa katika chumba chenye majokofu yaliyojaa vipande virefu vya barafu, kila kipande na kibandiko chake, na mwalimu mmoja mwanamke mwenye mikono iliyopasuka kwa baridi akamwonyesha jinsi ya kuisoma barafu tabaka baada ya tabaka, huu mwaka wa moshi, huu mwaka wa ukame. Signe alikitaka chuo kile hata kifua kikamuuma, na hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu kwao kutaka kitu ni jambo la siri kama ugonjwa wa bawasiri.

Hapo, wasikilizaji wangu, ndipo penye kiini cha vita. Chuo cha Fjelde kilikuwa kimeandika kwa lugha nyepesi kwamba kutuma alama za mtihani ule ni hiari. Mwenye kutuma atume, asiyetuma hatahesabiwa vibaya. Mahali pengine popote duniani maneno hayo yangekuwa na maana yake ya kawaida. Lakini mtu wa Nora Lake akikualika chakula na kukwambia, "Usilete kitu, njoo mikono mitupu," nawe ukaenda mikono mitupu kweli, hutasemwa hata kidogo. Utapokelewa kwa tabasamu, utalishwa, utasindikizwa hadi kwenye gari. Na wajukuu zako watakuja kuulizwa kama wao ndio wa ukoo ule uliokuja bila hata bakuli la jeli ya kijani yenye karoti ndani, ambayo huko ndiyo zawadi ya chini kabisa.

Na mtu wa huko akikaribishwa kipande cha keki, hasemi ndiyo. Husema, "Hapana, nimeshiba." Hukaribishwa mara ya pili, husema, "Msijisumbue kwa ajili yangu." Mara ya tatu ndipo hujibu kwa shingo upande, "Basi, kidogo tu, nisiwaudhi," kisha hula vipande viwili. Asiyekaribishwa mara ya tatu hulala na njaa, lakini hulala na heshima zake zote.

Basi siku hiyo ya Alhamisi Merle Tollefson, baba wa shujaa, Merle Mfufua-Injini, fundi wa mashine za boti na pikipiki za theluji, aliketi mbele ya kompyuta ya jikoni, kwa kuwa kadi ya benki ni yake na vidole viwili vinavyojua kuchapa katika nyumba ile ni vyake pia, au ndivyo alivyoamini. Mkewe Jolene, Jolene Mfunga-Milango, alisimama nyuma yake akikausha sahani ambayo ilikuwa imekauka zamani. Signe alikaa pembeni ya meza, mikono katikati ya magoti. Kwenye kioo kulikuwa na visanduku vitatu, kila kimoja na mwezi wake na alama zake, na chini yake kitufe chekundu cha kutuma.

"Haya," alisema Merle. "Bwana Lindgren wa shuleni kasemaje?"

Bwana Lindgren ndiye mshauri wa wanafunzi wote wa shule ile, kuhani mkuu wa fomu, ambaye vijana humwendea mmoja mmoja wakitetemeka kutafuta mwongozo.

"Kasema itategemea," alijibu Signe.

"Itategemea nini?"

"Hakusema. Alikuwa anakula tufaha."

Merle akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyepewa jibu. Kisha akamgeukia bintiye. "Wewe mwenyewe unatakaje?"

Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi wa Signe, ishirini na tisa, limevaa viatu tayari kutoka. Lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa, na damu ya Tollefson ni nzito.

"Yoyote tu," alisema. "Mimi sijali."

"Una hakika, mwanangu?" aliuliza mama yake. "Sema tu kama una unachokipenda."

"Kweli, Mama. Msijisumbue."

Hizo zikawa mbili. Signe akajiweka sawa kwenye kiti, akashusha pumzi, akaingojea ya tatu kama mkulima anavyongojea mvua aliyokwisha kuinusa. Ya tatu haikuja. Wazazi wake, wakiridhika kwamba mtoto kalelewa vizuri, wakageukiana wao kwa wao na kuanza vita vyao.

Jolene ndiye aliyetangulia uwanjani. "Mimi ningeonelea tusitume chochote," alisema, akaiweka sahani mezani. "Nisikilize, Merle. Mgeni akibisha hodi hapa, mimi nafanyaje? Natupa kila kitu chumbani, nguo chafu, magazeti, viatu vyako vyenye grisi, nafunga mlango, namkaribisha sebuleni. Mgeni anasema, 'Jamani, nyumba yenu safi.' Amedanganywa? Hajadanganywa. Sebule ni safi. Hakuna mgeni aliyewahi kuniomba nimfungulie chumba cha kulala, na hawa wa Fjelde wamesema wenyewe hawaombi. Sasa unawafungulia wa nini? Waone ishirini na tisa, waseme, 'Aa, kumbe si thelathini'? Wenzake wanaochukuliwa pale wana thelathini, wana thelathini na moja. Kaa kimya, wafikirie wenyewe. Mtu akifikiria mwenyewe hufikiria mazuri."

Ilikuwa hotuba kubwa, na bomba la maji likadondosha tone moja kwa kuishangilia.

Merle akavua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Mtu huyu alikuwa na maradhi ya ukweli. Akikuuzia injini iliyotumika, kabla hujaigusa, atakuonyesha pale ilipopasuka, pale alipoiziba, na pale anapodhani itapasuka tena. Na watu hutoka kwake mikono mitupu wakimsifu njia nzima.

"Jolene, mke wangu," alisema, "sikupingi. Lakini mimi ningetuma zote tatu. Siwezi kumuuzia mtu mashine nikamficha kutu. Aprili kapata ishirini na tatu, ndiyo, alikuwa na mafua. Wataona kuna kutu hapo. Juni injini imewaka. Septemba imekohoa kidogo. Hiyo ndiyo mashine. Mtu akiijua kutu yake akainunua, hatarudi kulalamika."

"Merle, huyo ni mwanao, siyo mashine ya boti."

"Najua. Nasema tu."

"Kwa hiyo mwanao ana kutu."

"Kila mtu ana kutu, Jolene. Hata wewe una bega lile linalokuuma."

Signe alisikia jasho jembamba likimshuka mgongoni, ingawa nje miti ilikuwa imeshavua majani yote. Aliona ishirini na tatu yake, ile ya kamasi, ikisafiri hadi Ziwa Superior, ikiwekwa mezani mbele ya yule mwalimu mwenye mikono iliyopasuka. Aliona pia meza ile ikiwa tupu, bila alama yoyote, ila jina la shule ambayo nje ya Nora Lake hakuna aliyewahi kuisikia. Alifungua kinywa. Na katika dakika hiyo mlango wa nyuma ukasukumwa kwa kiwiko, akaingia Ardis.

Mpisheni njia, enyi wasikilizaji! Huyu ndiye Ardis mjane wa Arvid, mama yake Merle, Ardis Malkia wa Chumba cha Chini ya Kanisa, ambaye bakuli lake la viazi na nyama ya kusaga limelisha humo misiba yote ya Nora Lake, na ambaye hajawahi kumwambia mtu la kufanya maishani mwake, ila wote hufanya analolitaka. Alishika bakuli hilo kwa mikono miwili iliyovikwa glavu za oveni.

"Nisiwasumbue," alisema. "Nimepita tu."

"Hutusumbui, Mama," alisema Jolene. "Kaa."

"Hapana, sikai."

"Kaa, Mama."

"Mna shughuli zenu."

"Mama, tafadhali kaa."

"Basi, dakika moja," alisema Ardis, akakaa, akavua koti, akavua viatu, akatoa kazi yake ya kufuma.

Wakamweleza habari. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, sindano zikigongana, kisha akauliza kitu kimoja tu: hao wa Fjelde wamesema si lazima kwa sauti gani?

"Wameandika, Bibi," alisema Signe. "Hakuna sauti."

"Ndiyo maana hamuelewani. Nipeni simu."

Na hapo yakaanza mapambano ya adabu ambayo wazee wa Nora Lake wangelipa kiingilio kuyasikia. Simu ikawekwa katikati ya meza, sauti juu. Upande wa pili, katika ofisi ya kupokea wanafunzi ya Fjelde, akapokea dada mmoja aliyejitambulisha kwa jina la Kirsten, na kwa namna alivyovuta irabu zake Ardis akatambua mara moja kwamba amekutana na mpiganaji wa damu moja.

"Habari za huko, binti? Baridi imeanza?"

"Kidogo tu, Mama. Siyo mbaya. Huko je?"

"Siyo mbaya. Sasa, sitaki kukupotezea muda."

"Hunipotezei kabisa."

"Ni kwamba mjukuu wangu ana alama zake za mtihani. Si nyingi sana."

"Oh, nina hakika ni nzuri."

"Ni za kawaida. Sasa tulikuwa tunajiuliza kama mngependa kuziona."

"Si lazima kabisa, Mama. Mkipenda tu."

"Hatutaki kuwaongezea kazi."

"Si kazi hata kidogo. Mkituma, karibuni. Msipotuma, ni sawa pia."

Ardis akaegemea mbele, sindano zimesimama. "Lakini mkizipata, mtazitazama?"

"Tukizipata tutazitazama, ndiyo."

"Na msipozipata?"

"Basi hatutazitazama."

"Hiyo ni haki," alisema Ardis. "Haya basi."

"Haya basi, Mama."

"Haya. Tusikuzuie."

"Wala. Haya basi."

Wakaagana hivyo kwa muda ambao sahani nyingine ingeweza kuoshwa na kukauka. Simu ilipokatwa, kila mmoja jikoni mle akawa na uhakika kwamba ameshinda.

"Mmesikia," alisema Jolene. "Hawazitaki."

"Kasema tukituma karibuni," alisema Merle. "Karibuni ni nyingi. Zote."

"Amesema si lazima kabisa," alitamka Ardis, akirudia kufuma. "Kabisa. Mtu hasemi kabisa mpaka awe anakitaka kitu sana. Ni lazima tupeleke. Lakini mtu hapeleki kilicho bora. Ukienda kanisani na keki ya ghorofa tatu, watu wataila, ndiyo, lakini watasema, 'Ardis siku hizi anajiona.' Hiyo ishirini na tisa inataka kutazamwa. Ishirini na tatu inataka kuonewa huruma. Pelekeni ishirini na saba. Ni namba ya watu wa kawaida. Inaingia, inakaa, haimsumbui mtu."

Na ajabu ya maajabu, enyi mliosogeza viti, ushauri huo uliwapatanisha maadui! Jolene akaona kwamba kama ni lazima kufungua mlango, basi afadhali ufunguliwe nusu. Merle akaona kwamba ishirini na saba ni ya Septemba, ya juzi juzi, kwa hiyo inaonyesha hali ya mashine ilivyo leo, na hapo hakuna udanganyifu. Kila mmoja akaacha kidogo alichokitaka, wakapata kitu ambacho hakuna mmoja kati ya wawili hao aliyekitaka, na wakafurahi wote watatu, maana kwa watu wa huko hiyo ndiyo dalili ya uamuzi mzuri. Merle akakisukuma kipanya, kikakwama, akakiinua, akakigongesha mezani, mshale ukaruka mpaka kwenye kisanduku cha Septemba. Alama ya vema ikatokea. Mshale ukaanza kuteremka polepole kuelekea kitufe chekundu.

Kisha Merle akasita. Akageuka. Akamtazama bintiye machoni.

"Signe," alisema.

Damu yote ya shujaa ikapanda masikioni. Ndiyo hii, alijiambia. Hii ni ya tatu. Uliza, Baba, uliza tu.

"Nisogezee miwani yangu hapo nyuma yako."

Signe akaichukua miwani. Akaishika mkononi. Wimbi la huzuni likampiga, na si huzuni ya kuonewa, kwa sababu hakuna aliyemwonea. Watu watatu waliompenda kuliko kitu chochote walikuwa wanakaribia kumtuma Fjelde kwa sura isiyo yake, na walikuwa wanafanya hivyo kwa upendo, na yeye alikuwa amewaachia. Angekaa kimya sekunde tano tu, mambo yangekwisha. Angekula viazi. Maisha yake yote angekuwa mtu asiyesumbua.

"Hapana," alisema Signe.

"Siyo hii?" Merle akanyoosha mkono. "Ile ya kusomea, yenye gundi."

"Hapana, Baba. Siyo ishirini na saba." Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikagonga makabati na kurudi. "Nataka itumwe ishirini na tisa. Hiyo peke yake. Nataka waione. Nakitaka kile chuo."

Sindano za Ardis zikasimama. Jolene akakaa chini. Tangu babu wa babu yao ashuke kwenye meli na kuulizwa kama anataka shamba lenye maji au lisilo na maji, akasema lolote tu, hakuna Tollefson aliyewahi kutamka neno nataka mara mbili ndani ya pumzi moja, tena mchana, tena bila kuulizwa.

"Mbona hukusema?" aliuliza mama yake.

"Mliniuliza mara mbili."

"Na ulisema yoyote."

"Ndiyo. Nilikuwa nangoja ya tatu."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Merle akaitazama kofia yake. Jolene akashika mdomo kwa kiganja. Waliijua ile ya tatu. Kila mmoja wao alikuwa ameingoja mahali fulani.

"Na wakikukataa, mwanangu?" alisema Jolene, na sasa hofu yake ilikuwa wazi, haikufungiwa chumba chochote. "Ukiwaonyesha kilicho bora halafu wakakataa, utajificha wapi?"

"Wakinikataa watakuwa wamenikataa mimi, Mama. Nitalia, nitapoa. Lakini mkituma ile nyingine, au msipotuma kitu, nitakuwa najiuliza mpaka nizeeke kama walinijua au hawakunijua."

Ardis akaweka kazi yake ya kufuma mezani. Akailaza mikono juu ya sufi.

"Mwalimu wangu alikuja nyumbani," alisema. "Nilikuwa na umri wako. Akamwambia baba chuo cha walimu kina nafasi yangu. Baba akaniuliza, unataka kwenda? Nikasema hapana, kazi ziko hapa. Akauliza tena. Nikasema, usijisumbue, Baba." Akaunyoosha uzi uliokuwa umenyooka. "Usiku ule niliosha vyombo polepole. Nilivisuuza mara mbili. Baba akavua viatu, akaenda kulala."

"Hakuuliza tena, Bibi?"

"Alikuwa mtu mzuri. Hakupenda kumsumbua mtu." Kisha Ardis Tollefson, ambaye hajawahi kumwamuru mtu yeyote, akainua kichwa. "Merle, ondoka kwenye kiti. Mpishe mtoto."

Merle akaondoka kana kwamba kiti kimeshika moto.

Sasa pigeni ngoma, enyi wenye ngoma, na wasio na ngoma wapige meza! Signe binti Merle bin Arvid akaketi mahali pa baba yake. Akakishika kipanya, kikakwama. Akakisukuma kushoto, kikagoma kama punda wa mashamba. Akakizungusha kwa kulia, akapita juu, akaupeleka mshale kwa njia ya mzunguko ambayo hakuna jemedari aliyewahi kuifikiria, akakitokea kisanduku cha Septemba kwa nyuma. Akabonyeza. Ishirini na saba ikafutika, ikaenda ilikotoka bila kinyongo. Akapanda hadi Juni. Akabonyeza. Alama ya vema ikasimama juu ya ishirini na tisa, nyembamba, nyeusi, imenyooka. Nyuma yake alisikia baba yake akipumua kwa pua na mama yake akisema, "Oh, Signe," kwa sauti ambayo haikuwa ya kukataza. Akateremka hadi kitufe chekundu, akakipiga.

Lakini adui alikuwa na mtego mmoja wa mwisho. Kioo kikawa cheupe, halafu katikati yake yakatokea maneno machache, ya kistaarabu, ya upole, kana kwamba mashine yenyewe ilizaliwa Nora Lake: Una uhakika?

Miaka mia moja na hamsini ya malezi mema ilishuka kwenye kidole cha Signe, ikamwambia aseme hapana kwanza, angalau mara moja, kwa adabu, kisha angoje.

Akabonyeza Ndiyo.

Andikeni, enyi waandishi wa tarikhi, na kama wino umekwisha chukueni masizi ya sufuria. Andikeni kabla ya habari za marais na vita vya baharini, katika ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa. Kama Fjelde walimpokea au hawakumpokea ni kazi ya Fjelde, walio na ofisi na simu na dada Kirsten. Hilo haliongezi wala halipunguzi. Merle alisema, "Haya, siyo mbaya," akatoka haraka kwenda karakana kwa sababu macho yalikuwa yanamwasha. Jolene akapakua viazi, sahani nne. Na nyinyi mtakaoulizwa na watoto wenu ni nini kilitokea katika mji wa Nora Lake, waambieni hivi: kwamba Alhamisi moja ya Oktoba, mchana, mtu wa ukoo wa Tollefson aliulizwa mara moja, akajibu ndiyo, na bibi yake alikuwepo, akaona kwa macho yake.